Ruzuku ya Choo Ilipwe Lini?

Sehemu nyingi za Rutshuru, mashariki mwa Kongo, anayetaka choo huanza na jembe. Udongo wa volkano ni laini, na shimo ni kazi ya siku chache. Mtu huyo huyo akihamia Goma, kilomita 70 hivi kutoka kwao, hukuta makoro, yaani mawe ya lava. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliganda katikati ya mji, na watu wakajenga tena juu yake. Hapo ni mtalimbo, nyundo na ujira mkubwa wa fundi, hivyo wengi huridhika na shimo fupi.

Wapo wanaojisifu kwamba shimo lao halijai. Mimi sifa hiyo hunitisha. Lava ni ngumu lakini ina nyufa, na maji ya choo hupita humo bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo. Shimo lisilojaa linavuja, na Goma wako wengi wanaoteka maji ya Ziwa Kivu.

Fosi septiki, ambayo Tanzania huitwa karo, haitakiwi kuvuja. Kinyesi hutuama na kuwa tope, mafuta huelea, maji ya katikati huingia chumba cha pili, kisha huenda kwenye shimo la kupotezea maji. Kwenye makoro shimo hilo nalo litandikwe mchanga. Tope halipotei, kila baada ya miaka michache lazima linyonywe.

Mwenye parsele (kiwanja) ndiye anayepokea kodi, lakini ufa wa fosi yake humuumiza jirani. Julai 1994 kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kuizunguka Goma, na hadi leo hurudi Kivu Kaskazini. Kwa hiyo fedha za umma kuingia kwenye choo cha mtu binafsi si upendeleo. (Najua: tangu Januari 2025, Goma ikiwa mikononi mwa waasi wa M23, hata neno "umma" lina mgogoro.)

Swali gumu ni zilipwe lini. Kenya, katika mpango wa SafiSan ulioanza 2011, mwenye ploti alijenga kwanza. Mkaguzi akiridhika, ndipo aliporudishiwa sehemu ya gharama. Choo kilichokarabatiwa nacho kilihesabiwa. Utaratibu huo huzuia vyoo vya kwenye karatasi, ila humwacha nje asiye na akiba ya kuanzia. Kwa Goma ningetoa saruji mwanzoni, na fedha baada ya jaribio. Jaribio lenyewe ni rahisi: jaza fosi maji, weka alama, rudi kesho. Maji yakishuka, hakuna malipo.

Nawe usiyesubiri ruzuku, chovya kijiti kirefu kwenye fosi yako wiki hii. Tope likifika theluthi ya kina chake, waite wanyonyaji.