Kuazima Si Kusoma

Kila nikitaja daftari la Innerpeffray, naulizwa lile lile: "Mbona wanafunzi wa zamani walipenda vitabu vizito namna ile?" Swali hili limenichosha. Nani kasema walivipenda?

Innerpeffray ni maktaba ya shamba, karibu na Crieff huko Uskoti. Ilianzishwa mwaka 1680 na bwana mkubwa wa pale, Lord Madertie, na daftari lake la waazimaji linaanzia 1747. Wafumaji, wakulima, watumishi na wanafunzi waliazima bure, kwa ahadi ya maandishi kwamba kitabu kitarudi. Mahubiri yamejaa humo, kweli. Historia ya Mfalme Charles V ya William Robertson, juzuu tatu za 1769, nayo ilitoka sana.

Basi watu wanarukia hukumu: vijana wa enzi zile walikuwa makini, wa leo wavivu. Upuuzi mtupu. Riwaya zilikuwa haba katika rafu zile. Aliyezitaka alikwenda kuzikodi kwa wauza vitabu mjini, kama Allan Ramsay aliyeanza biashara hiyo Edinburgh miaka ya 1720, na daftari la kijijini halimjui. Ni kama kuhesabu sahani za mgahawa unaouza maharage tu, kisha ukatangaza kwamba mji mzima hauli nyama!

Na mwanafunzi wa theolojia aliyebeba mahubiri ya Askofu Mkuu Tillotson? Alikuwa anajiandaa kupanda mimbarini, kwa hiyo alichukua kitendea kazi. Pengine alinakili hoja mbili akakirudisha. Pengine alitumwa na mama mwenye nyumba. Daftari lina jina, kitabu, tarehe na mara nyingi kazi ya mwazimaji, basi. Kwa hiyo orodha za "vitabu kumi vilivyopendwa" msiniletee.

Mwenye haja ya kulitumia kweli, aanze na orodha ya vitabu vilivyokuwapo mwaka huo. Kisha afuate juzuu: aliyerudi kuchukua ya pili na ya tatu, huyo nakubali alisoma, aliyeishia ya kwanza, tumwache. Atazame na mwezi, maana vyuo vya Uskoti vilifundisha majira ya baridi, na mwanafunzi anayeazima Julai yuko likizo kwao. Halafu akifungue kitabu chenyewe, vingi bado viko palepale, achungulie pembezoni mwa kurasa kama kuna aliyeandika kitu.