Mzee Anahitaji Wenzake

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi hapa Nyamasaria wanaliona lakini hawalitaji: upweke wa wazee tunaowatunza.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mama mkwe amebaki peke yake kijijini, labda Nyakach au Ugenya. Magoti yanamuuma, presha imepanda. Mwanawe anamleta mjini ili awe karibu na hospitali. Anapewa kitanda kizuri, chai ya maziwa na dawa zake. Asubuhi wewe unaenda kuuza samaki, watoto wanaenda shule, na mlango unafungwa kwa usalama wake. Baada ya miezi miwili anaacha chakula sahanini, hataki kuoga, na kila siku anasema anataka kurudi nyumbani. Wewe unaona hana shukrani.

La, mama. Huyo hakosi chakula, anakosa wenzake. Kijijini alikuwa na jirani wa kutoa naye mahindi kwenye gunzi huku wakiwasema wake za watoto wao. (Ndiyo, walikusema wewe pia. Wacha waseme.) Hapa hana mtu hata mmoja anayekumbuka alivyokuwa msichana.

Upweke si huzuni tu. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani. Unaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na kupoteza kumbukumbu.

Tunapotaja makao ya wazee, wengi wetu husikia neno moja tu: kutupwa. Nchini Kenya makao hayo ni machache. Kuna Nyumba ya Wazee huko Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka wa 1839 na Jeanne Jugan. Kuna pia makao ya Thogoto, Kiambu, ya kanisa la PCEA. Si kila mzee hufurahi mahali pa namna hiyo, hasa aliyepelekwa bila kuulizwa. Lakini wako wanaochangamka, na sababu si kitanda. Ni kula meza moja na watu wa rika lako, na kuamka ukijua kuna mtu atakayekuuliza umelalaje.

Sisi wa upande huu wa ziwa tulilijua jambo hili zamani. Kwa Wajaluo, nyumba ya nyanya iliitwa siwindhe. Wasichana walilala humo wakisikiliza hadithi na kufunzwa maisha. Nyanya hakuwa mgonjwa wa kulishwa. Alikuwa na kazi, na watu walimhitaji.

Basi, ukiwa na chumba kimoja cha kupanga, ufanye nini? Anza kwa kutafuta mzee mwingine katika ploti yenu au kanisani, uwakutanishe. Mara tatu kwa wiki, mtoto ambebee nyanya kiti hadi penye kivuli. Mpe kazi anayoiweza, kuchambua mboga au kumshika mjukuu, na usimnyang'anye kisu kwa sababu anakatakata polepole. Akiwa na miaka 70 na kuendelea na anapokea zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, ni pesa zake. Aulizwe zitumikeje.

Angalia pia macho na masikio. Mzee asiyesikia hujitenga, nanyi mkadhani ana kiburi. Na choo kikiwa mbali, wengi huacha kunywa maji ili wasitoke usiku. Mnunulie ndoo yenye kifuniko.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mzee aliyekuwa sawa jana, leo anachanganyikiwa, hajui yuko wapi au analala tu mchana kutwa: usiseme ni uzee. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji mwilini. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, iwe kituo kilicho karibu au hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tuliyoizoea kwa jina la Russia. Naye anayesema kila mara kwamba amechosha watu, afadhali afe, mwambie daktari maneno hayo hayo. Huzuni ya namna hiyo ina matibabu.

Na kama familia inafikiria makao ya wazee, au hata kumhamisha tu kutoka kijijini, kaeni naye kwanza. Kuna swali ambalo wazee wetu wengi hawalisemi: nikifa huko, nani atanirudisha dala? Mjibuni waziwazi, mbele ya wanawe wote, mkitaja ni nani atakayefanya hivyo. Kisha mwulize anataka kukaa na nani, umwache azungumze hadi amalize.