Skrini Haijui Herufi

Skrini ya kompyuta haijui herufi wala picha. Inachojua ni nukta, yaani pikseli, na kila nukta ina rangi yake. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila moja ikitengewa baiti 4 za rangi, picha moja nzima hula zaidi ya baiti milioni 8 za kumbukumbu, na skrini nyingi huisoma kumbukumbu hiyo mara 60 kwa sekunde. Kazi ya mfumo endeshi ni kuhakikisha nukta zinazotakiwa zimo mle kabla haijasomwa tena.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Kadi ya maandishi ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 4 tu, ikitosha mistari 25 ya herufi 80. Kila herufi ilichukua baiti 2: moja ya namba yake, nyingine ya mwonekano wake, kama vile kung'aa au kupigiwa mstari. Programu ilitaja namba, kadi ikachora umbo kutoka kwenye chipu. Kasi ilikuwa nzuri, ila herufi zote zilikuwa na upana mmoja, na kuchora picha kwa nukta hakukuwezekana.

Njia iliyoshinda ilikwisha kuanza kwenye kompyuta ya Xerox Alto ya mwaka 1973, ambayo kila nukta ya skrini yake iliweza kubadilishwa peke yake. Macintosh ya mwaka 1984 iliwafikishia watu wengi njia hiyo kwa skrini ya nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe. Programu yake ya uchoraji, QuickDraw, iliyoandikwa na Bill Atkinson wa Apple, ilikokotoa ni sehemu ipi ya dirisha iliyofunikwa na jingine, ikachora inayoonekana tu. Kwa mashine yenye kilobaiti 128 za kumbukumbu, hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha.

Siku hizi kila dirisha huchorwa mahali pake kwenye kumbukumbu, kisha programu maalumu huyaunganisha yote. Mac OS X ilifuata mtindo huo mwaka 2001, Windows Vista ikaufuata baadaye. Picha mpya huandaliwa kwenye eneo lililofichwa, nalo hubadilishana na linaloonyeshwa likiwa tayari. Bila hivyo, mtazamaji angeona nusu ya picha ya zamani na nusu ya mpya. Muda wa kumaliza yote hayo haufiki milisekunde 17.

Maandishi ndiyo kazi ngumu zaidi, ingawa wengi hudhani ni picha. Fonti ya kisasa kwa kawaida haihifadhi nukta. Huhifadhi mzingo wa kila herufi kwa mistari na mikunjo ya kihesabu. Mfumo huukuza au kuupunguza mzingo huo, kisha hupima ni kiasi gani cha kila pikseli kimeangukia ndani yake. Pikseli iliyoguswa nusu hupewa kijivu, na jicho huona ukingo laini. Herufi "m" ikiwa ndogo, miguu yake mitatu huweza kuangukia kati ya pikseli, mmoja ukanenepa na mwingine ukafifia. Ndiyo maana fonti za TrueType, zilizotoka mwaka 1991, hubeba maelekezo ya kuivuta miguu hiyo ikae sawasawa juu ya pikseli.

Hati ya Kiarabu, ambayo Kiswahili kiliandikwa kwayo kwa karne nyingi pwani, inadai zaidi, kwa kuwa herufi zake hubadilika umbo kufuatana na nafasi zake katika neno. Katika neno "kitabu", herufi kafu huchukua umbo la mwanzo na te umbo la katikati. Alifu haiungani na herufi inayoifuata, kwa hiyo be husimama peke yake; katika "habari", be hiyohiyo huunganishwa pande zote mbili. Unicode, kanuni ya kimataifa ya namba za herufi, huipa be namba moja popote ilipo. Kuchagua umbo, kupanga kutoka kulia kwenda kushoto, na kuziweka alama za irabu kama fatha na kasra juu au chini ya herufi zake ni kazi ya programu kama HarfBuzz, inayotumiwa na Android na Firefox.

Umbo likishapatikana halichorwi upya kila mara. Huwekwa akibani pamoja na ukubwa wake, na ukurasa unapotelezeshwa, mfumo hulinakili tu kila mahali linapohitajika.