Simu ya mwanachuo ipime

Nafundisha fizikia katika chuo cha ualimu, na wanachuo wangu ni watu wazima. Wana laini zao, na wengi wana simu janja walizonunua kwa vibarua vya likizo au kuachiwa na kaka zao. Suala la kuruhusu simu au kuzikataa, linalowasumbua wakuu wa shule za sekondari, kwetu halipo. Kwetu lipo lililo gumu zaidi: simu zikishaingia darasani, zifanye kazi gani?

Wengi hujibu kwamba zitumike kusomea. Mkufunzi anarusha notsi kwenye kundi la WhatsApp, kisha darasa zima linainama. Mimi sikubaliani nao. Notsi za kwenye kioo cha simu ni zilezile za ubaoni, na kidole kikiteleza kidogo tu mwanachuo yuko Instagram. Mimi nataka simu ipime.

Ndani ya simu, hata ya bei nafuu, mna vihisi, yaani vipande vidogo vinavyotambua mwendo, sauti au mwanga. Ndivyo vinavyofanya picha igeuke ukiilaza simu ubavu. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani kilitoa programu ya bure iitwayo phyphox, inayosoma vihisi hivyo na kuonyesha vipimo vyake kwa namba na grafu. Ukishaipakua haili bando. Mwenye bando huwawashia wenzake hotspoti siku moja kabla ya kipindi, basi.

Naanza na jambo dogo. Kila kundi linalaza simu moja chali juu ya dawati na kufungua kipimo cha mchapuko. Simu imetulia kabisa, lakini inaonyesha kama mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Hapo maswali yanaanza. “Madam, mbona haiendi popote na inasema ina mchapuko?” Kihisi kinatambua kani ya dawati inayoizuia simu isianguke, ndiyo maana namba inalingana na mvutano wa dunia. Kuna wanachuo waliokariri 9.8 tangu kidato cha kwanza, na hii ndiyo mara yao ya kwanza kuiona ikitoka kwenye kitu halisi.

Kisha yanakuja mabishano. Simu hii inasoma 9.7, ile 9.9, nyingine 10.1, na kila mmoja anatetea yake. Naziandika zote ubaoni. Saa nzima ya kueleza makosa ya vipimo kwa maneno haifikii dakika hizo kumi za kubishana ni kwa nini simu mbili za aina moja hazikubaliani.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la kasi ya sauti. Programu hiyo ina saa inayoanza ikisikia mlio wa kwanza na kusimama ikisikia wa pili. Simu mbili zinawekwa umbali wa mita 5. Aliye karibu na simu ya kwanza anapiga kofi: simu yake inaanza kuhesabu papo hapo, ya pili inachelewa kidogo kwa kuwa sauti lazima isafiri. Baada ya muda mfupi aliye karibu na simu ya pili naye anapiga kofi: yake inasimama mara moja, na sasa ya kwanza ndiyo inayochelewa kusimama. Saa ya simu ya kwanza inabaki mbele kwa takriban sekunde 0.029. Ni muda ambao sauti ingetumia kwenda mita 5 na kurudi mita 5. Gawanya 10 kwa 0.029, unapata karibu mita 345 kwa sekunde, kama inavyotarajiwa kwenye joto letu. Mvua ikipiga bati jaribio limekufa, tunasubiri.

Nina kanuni mbili nisizozilegeza. Ya kwanza: kila simu huwekwa katika hali ya ndegeni kabla ya kazi kuanza. Kipimo hakihitaji mtandao, hivyo hakuna ujumbe wala simu itakayoingia katikati ya somo. Ya pili: mwenye simu haiendeshi yeye. Anayetumia kitochi ndiye anayeshika na kusoma namba, mwenye simu anaandika. Nisipofanya hivyo, maskini wa darasa anabaki mtazamaji, na siwezi kuvumilia elimu ya namna hiyo.

Simu haiwezi kila kitu. Nyingi za bei ya chini hazina kihisi cha sumaku, na hakuna simu itakayochukua nafasi ya bureti na asidi. Nawaelewa pia wanaoogopa. Ufaransa ilipiga marufuku simu kwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari ya chini kwa sheria ya 2018, na ripoti ya UNESCO ya 2023 ilitaka teknolojia iingie darasani pale tu inaposaidia kujifunza. Naafiki kabisa.

Lakini wanachuo hawa kesho wanapangiwa shule za kata. Sote tunaikumbuka michango ya kujenga maabara enzi za Rais Kikwete. Kuta zilisimama, ila katika shule nyingi vifaa vya kutosha bado ni shida. Shule hizo huwakataza wanafunzi kuwa na simu, na sisemi katazo hilo liondolewe. Nawaomba wakuu wa shule jambo moja: mwalimu wa fizikia akiingia darasani na simu yake, na ya pili aliyoazima kwa mwenzake, pamoja na tepu ya kupimia, mwacheni afundishe. Wanafunzi wake watapima kasi ya sauti siku hiyohiyo.