Manamba Waliovuka Ruvuma

Wamakonde wa Msumbiji walianza kuvuka mto Ruvuma kutafuta kazi Tanganyika zamani, na wimbi hilo liliongezeka katika enzi ya Waingereza. Walikuwa wakikimbia kodi za Wareno na kazi za shuruti, zilizomzoa mtu kijijini bila kumuuliza. Mtama, iliyo kwenye barabara inayotoka Lindi kwenda Masasi, iko katika eneo walilopita na kulowea. Wengine waliishia kwenye mashamba ya mkonge ya pwani, kama Kikwetu. Wengine waliendelea hadi Tanga, Unguja na Kenya.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Miche hiyo ilizaa tasnia iliyokosa watu wa kuihudumia, hata mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuajiri vibarua kutoka mbali, iliyojulikana kama SILABU. Kila kibarua alipewa namba, na ndiko lilikotoka jina la manamba. Kadi yake, yaani kipande, ilikuwa ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza sehemu aliyokatiwa haikuandikwa.

Mgeni wa ng'ambo ya Ruvuma alibeba mzigo mwingine juu ya huo. Aliitwa Mmawia, na neno hilo lilitamkwa kwa dharau. Chale za usoni, meno yaliyochongwa na ndonya ya mdomo ya wanawake vilifanywa ushahidi wa ushenzi, na watu wa mijini walisimuliana habari za ukatili wao. Kazi walizoachiwa zilikuwa zile ambazo wengine walizikwepa: kukata mkonge, na kulinda maduka na nyumba za watu usiku.

Msaada wa kwanza waliupata kwao wenyewe. Mtu aliyefia shambani, mbali na ukoo wake, alihitaji sanda, kaburi na wa kumlilia, kwa hiyo wahamiaji walichangishana. Ngoma nazo ziliwakutanisha. Kundi la ngoma lilikuwa na viongozi, na watu waliozoea kucheza pamoja ndio waliojua nani anaumwa na nani hajalipwa.

Palikuwa pia na utani, ambao unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Makabila yaliyowahi kupigana, au kukutana katika misafara, kama Wanyamwezi na Wazaramo, au Wangoni na Wahehe, yaliruhusiana kutaniana bila kukasirikiana. Mtani aliweza kuzuia jeneza njiani mpaka apewe chochote, kisha yeye huyo huyo akashika jembe la kuchimba kaburi. Kejeli ilibaki, lakini iliwekewa mipaka, na aliyekejeliwa akawa na haki ya kujibu. Kwenye kambi za mkonge, zilizochanganya watu wa kila upande, haki hiyo haikuwa jambo dogo.

Wamakonde waliunda pia vyama vya kusaidiana, navyo havikuishia kwenye misiba. Tarehe 16 Juni 1960 wajumbe waliotoka katika vyama vya Tanganyika, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walikuwa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, kudai haki mbele ya watawala wa Kireno. Askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika, wakaua watu wengi. Vyama hivyo vilizaa MANU, mojawapo ya vyama vitatu vilivyoungana Dar es Salaam mwaka 1962 kuwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji.

Waliofika Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa walingoja haki yao muda mrefu zaidi. Wengi walikaa Kwale, pwani ya Kenya, tangu miaka ya 1930, wakazaa na kujukuu huko, lakini wakahesabiwa wageni. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti benki, hasajili laini ya simu wala M-Pesa, na akikutana na polisi hana la kuonyesha. Kijana aliyezaliwa Msambweni, huko Kwale, na wazazi waliozaliwa hapo hapo hakuweza kuajiriwa rasmi, kwa sababu tu babu yake alikuja kukata mkonge.

Sheria ya uraia ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa wasio na utaifa waliokuwa Kenya tangu uhuru, lakini hapakuwa na wa kuwaingiza. Wamakonde waliendelea kudai kwa miaka, wakisaidiwa na mashirika ya haki za binadamu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kwa miguu, wazee kwa vijana, wakielekea Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akakiri kwamba walicheleweshwa mno, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na Februari 2017 Rais alikwenda Kwale kuwakabidhi vitambulisho.

Jamii nyingine ziliifuata njia hiyo. Washona waliotoka Zimbabwe waliahidiwa uraia Desemba 2020. Wapemba wa pwani ya Kenya, ambao wengi wao ni wavuvi na bila kitambulisho hawakuweza kupata leseni ya uvuvi, walitambuliwa mwaka 2023.