Mtera: Kijiji cha wavuvi ambako ufuko huhama

Ukitaja wavuvi mbele ya Mtanzania, mawazo yake huenda Bagamoyo, Kilwa, Mwanza au Kigoma. Ni wachache watakaofikiria Dodoma, mkoa wa uwele, mtama, zabibu na ng'ombe, ambako mvua ni ya msimu mmoja na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka.

Lakini abiria wa basi la Dodoma kwenda Iringa wanajua habari tofauti. Karibu nusu ya safari hiyo ya kilometa 260, basi likisimama, madirisha yote huzungukwa na kina mama wenye mabeseni na sinia za samaki wa kukaanga. Hapo ni Mtera, na nyuma ya sinia ile kuna familia ambayo maisha yake hupanda na kushuka na maji.

Ziwa lililotengenezwa

Mtera si ziwa la asili. Ni bwawa lililojengwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, ili kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyoko chini zaidi ya mto huo huo. Mwaka 1988 Mtera nayo ikaanza kufua umeme, megawati 80. Mbali na Ruaha Mkuu, bwawa hupokea pia maji ya Mto Kisigo na ya Ruaha Mdogo unaotoka Iringa.

Likijaa, hufunika zaidi ya kilometa za mraba 600 za nchi iliyokuwa mbuga na pori la miiba. Samaki wakazaliana, hasa perege na kambale. Wagogo, wenyeji wa upande wa Dodoma, ni wakulima na wafugaji, hivyo ujuzi wa nyavu na mitumbwi uliletwa kwa sehemu kubwa na wageni waliozoea uvuvi wa maziwa makubwa. Ndiyo maana vijiji vya kando ya bwawa vina mchanganyiko wa makabila ambao si rahisi kuuona katika vijiji vingine vya Ugogo. Ukiingia jikoni, ugali wa uwele na mlenda hukutana na mchuzi wa perege.

Kupwa kwa miezi

Mkazi wa pwani amezoea maji kupwa na kujaa kila siku. Akiona yametoka asubuhi, anajua yatarudi. Mtera nayo hupwa, lakini kupwa kwake ni kwa miezi, na siku ya kurudi haijulikani.

Bwawa likijaa kabisa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa kuendesha mitambo ni mita 690. Tofauti hiyo ya mita nane na nusu inaweza kuonekana ndogo, lakini kwenye ardhi tambarare maji yakishuka kidogo tu, ufuko unasogea mbali. Mahali palipofungwa mitumbwi panabaki tope lililopasuka, na mbuzi wanalisha juu yake.

Hapo ndipo familia hugawanyika. Baba huyafuata maji, anajenga kibanda cha miti na nyasi karibu na mtumbwi. Mama anabaki kijijini na watoto, au anafunga mizigo na kumfuata ili akaushe samaki. Akibaki, hesabu ya nyumba inategemea fedha itakayotumwa. Akienda na watoto, shule inakuwa mbali, na huko kambini choo na maji safi ni shida. Mamba na viboko nao wamo bwawani, hivyo mtoto anayetumwa kuchota maji anatumwa penye hatari.

Chanzo kiko mbali

Mvuvi wa Mtera hawezi kuyaamrisha maji hayo. Sehemu kubwa hutoka bonde la Usangu, Mbeya, ambako kuna mashamba ya mpunga, mifugo na ardhi oevu ya Ihefu. Tangu mwaka 1993, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika sehemu yake inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Sababu kubwa inayotajwa ni maji kuchukuliwa kwa wingi huko juu.

Upande wa pili kuna umeme. Nchi ikihitaji umeme, maji hufunguliwa. Oktoba 2015 maji yalipungua kiasi kwamba mitambo ya Mtera ilizimwa. Mijini tulihesabu saa za giza. Kwa wavuvi, maji yakipungua namna hiyo samaki hubanwa katika eneo dogo na huvuliwa kwa urahisi, wakubwa kwa wadogo. Wiki chache za neema zinaweza kula mbegu ya mwaka unaofuata, hasa kwa makokoro na nyavu za macho madogo, ambazo sheria inazikataza.

Mkono wa mama

Samaki akifika nchi kavu, kazi kubwa huhamia kwa wanawake. Kuna anayemkaanga kwa ajili ya barabarani, anayembanika kwa kuni, na anayempasua, kumtia chumvi na kumwanika juu ya chanja. Perege mbichi hana subira na joto la Mtera, bali mkavu hufika Dodoma na kusubiri bei. Mama mwenye chanja nzuri amemnunulia mumewe muda.

Fedha ya samaki huja kila siku, na ndiyo maana hutoka kila siku. Mkulima hupata mara moja baada ya mavuno na hulazimika kupanga. Mvuvi hujiambia kesho atavua tena. Kwa hiyo nyumba zinazostahimili maji yakiondoka ni zile ambazo fedha ya perege imegeuzwa kuwa kitu kingine mapema: mbuzi wawili, mabati, akiba ya kikundi, au ada iliyolipwa kabla ya kiangazi. Wengine hulima mahindi na mboga kwenye udongo wenye unyevu unaoachwa na maji.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mtera, upwa wenyewe huhama, na mgaagaa inambidi awe na pa kurudi. Baba na mama wakae pamoja wakati maji yamejaa, waamue mambo matatu: watoto watakaa na nani shule zikifunguliwa, kiasi gani cha kila mauzo hakitaguswa, na nani atashika akiba hiyo. Maamuzi hayo yakisubiri hadi tope lipasuke, huwa yamechelewa.

Nawe msafiri, ukinunua samaki wa Mtera dirishani, lipa bei yake bila kumkamua sana yule mama. Huenda fedha hiyo ndiyo daftari la mtoto wake.