PETROLI KWANZA, TABO BAADAYE
Nasaha kwa vijana wanaofungua injini, na kwa wazee wao



Siku hizi kila tunapokutana, iwe Maskati au Abu Dhabi, mazungumzo ya vijana hayakosi kufika kwenye Nissan Patrol. Injini yake ya TB48, yenye silinda 6 na lita 4.8, ni mashuhuri mno huku Ghuba kwa kutiwa tabo, na shabaha ni kupanda michanga ya Sharqiya au kile kilima cha Tal Moreeb huko Liwa. Wazee wengi huona ni kuchezea fedha tu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, kwani kijana anayeijenga injini anasoma fizikia kwa mikono yake. Lakini nina neno moja. Aghalabu fedha yote huishia kwenye tabo, na njia ya petroli huachiwa siku ya mwisho, ikafungwa kwa mipira iliyobaki. Hapo ndipo injini hufa, na hapo ndipo gari huungua.

Tabo inataka nini

Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alisajili uvumbuzi wake mwaka 1905, na msingi wake haukubadilika: moshi wa ekzosi unazungusha panga, na panga jingine linashindilia hewa ndani ya injini. Hewa tunayovuta ina presha ya karibu pauni 15 kwa inchi ya mraba. Tabo ikiongeza pauni 15 nyingine, hewa inayoingia inakuwa karibu maradufu. Basi na petroli nayo hapana budi iwe maradufu. Ikipungua, moto ndani ya silinda unazidi ukali, injini inagonga, na pistoni inayeyuka kwa muda mfupi kuliko wa kusoma ukurasa huu.

Kazi ya regyuleta

Regyuleta ndiyo mlinzi wa presha. Tuseme petroli inafika kwenye noseli kwa pauni 45. Injini ikiwa haina tabo, noseli inamwaga vizuri. Sasa tabo inasukuma pauni 15 upande wa pili wa noseli. Tofauti iliyobaki ni 30 tu, na petroli inayotoka inapungua kwa karibu asilimia 18, wakati ule ule hewa inapozidi maradufu. Huo ndio msiba wenyewe.

Dawa yake ni mpira mdogo wa hewa kutoka manifoldi kwenda juu ya regyuleta. Kila pauni moja ya tabo inaongeza pauni moja ya petroli: 45 zinakuwa 60, na tofauti inabaki 45 daima. Mpira huo upewe tundu lake peke yake, uwe mfupi, na ufungwe klempu. Ukichomoka mchangani, injini iko hatarini papo hapo.

Mjue pia kwamba magari mengi ya karibuni yana regyuleta ndani ya tangi, na paipu moja tu inayokwenda mbele. Mpango huo haujui habari za tabo. Mwenye gari la namna hiyo hana budi kufikiria paipu ya kurudi.

Chora kabla ya kununua

Chukueni karatasi mchore safari nzima: tangi, chujio la matundu makubwa, pampu, chujio la matundu madogo, bomba la noseli, kisha regyuleta, kisha kurudi tangini. Regyuleta ikae baada ya noseli, ili petroli ipite kwanza panapohitajiwa na ziada ndiyo irudi.

Kisha hesabu. Injini ya tabo hula kama pauni 0.6 za uzito wa petroli kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Nguvu 500 zinataka pauni 300, yaani kilo 136, ambazo ni zaidi ya lita 180 kwa saa. Ongezeni moja ya tano kwa usalama, mpate kama lita 220. Mnunuapo pampu msitazame namba kubwa ya kwenye boksi tu. Pampu hutoa kidogo zaidi kadiri presha inavyopanda. Someni inatoa lita ngapi kwenye pauni 60. Na ipewe waya wake mnene, fyuzi na rilei.

Paipu ya kurudi isiwe nyembamba mno. Ikiwa nyembamba, injini inapopumua taratibu petroli haipati pa kwenda, na presha inakataa kushuka hata mkiizungusha regyuleta mpaka mchoke.

Michangani

Gari likilala ubavu kwenye mchanga, petroli inakimbilia pembeni na pampu inavuta hewa. Kwa gari la tabo, sekunde moja ya hewa inatosha kuharibu kazi ya mwaka. Kwa hiyo weka tangi dogo la lita 2 au 3. Pampu ndogo inalijaza kutoka tangi kubwa, pampu kubwa inavuta kutoka chini yake, ziada ya regyuleta inarudi humo, na linalofurika linakwenda tangi kubwa. Tangi hilo lisiwe ndani wanamokaa watu.

Mpira na moto

Hapa nawaambia wazazi pia. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata penye baridi chini ya sifuri, sembuse joto la kwetu. Na chuma cha tabo huweza kuwa chekundu kama kaa. Mpira wa nje ya tangi uwe umeandikwa J30R9. Wa kuzama ndani ya petroli uwe J30R10, kwani ule wa nje huharibika ukizama. Klempu ziwe laini upande wa ndani, zisizokata mpira. Paipu zipite mbali na ekzosi, na zishikwe vizuri zisisuguane na chuma. Rilei iizime pampu injini inapozimika. Gari likipinduka, pampu isiendelee kumwagia moto petroli.

Kabla ya kuwasha, endesheni pampu peke yake, mpira wa hewa ukiwa umetolewa, mweke presha 45 kwa geji. Pitisheni karatasi kavu kwenye kila kiungo. Rudieni injini ikisha kupata joto. Na kabla ya kufungua paipu yoyote, toeni presha kwanza na mchomoe betri. Kizima moto cha unga kiwe karibu.

Nanyi wazee, kijana akija kuomba mchango wa tabo, msimfukuze. Mwambieni alete mchoro wa petroli. Akiuleta umekamilika, mchangieni; asipokuwa nao, mpeni karatasi. Gari hilo litapakia wadogo zake siku ya Ijumaa, na tumefundishwa tangu chuoni kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali.

Mola awahifadhi vijana wetu. Amin.